Kifungu Kilichofichwa: Maine Ilivyopata Kuwa Jimbo

Mwaka 1875 wapiga kura wa Maine, jimbo la kaskazini-mashariki kabisa mwa Marekani, waliridhia marekebisho ya katiba yenye sharti la ajabu. Vifungu vitatu vya Ibara ya Kumi, yaani cha kwanza, cha pili na cha tano, viliachwa na nguvu zote za sheria, ila vikakatazwa kuchapwa. Tangu Januari 1876 kila nakala ya katiba iliyotoka mtamboni ilitoka bila vifungu hivyo. Hakimu alipaswa kuvifuata, lakini mwanafunzi aliyefungua kitabu cha katiba hakuvikuta. Na ni kifungu cha tano, kirefu kuliko vyote, kilichobeba ahadi ya Maine kwa watu walioikuta nchi ile tangu zama za barafu.

Natamani kila Mkongo, Mrundi na Mnyarwanda anayeishi Portland au Lewiston akisome kifungu hicho. Katika miji hiyo Kiswahili kinasikika makanisani, madukani na kwenye vituo vya mabasi. Juni 2019 zaidi ya wakimbizi 400, wengi wao kutoka Kongo na Angola, waliingia Portland katika muda mfupi hata mji ukawalaza ndani ya ukumbi wa michezo. Watoto wao leo wanakaa katika madarasa ambayo, kwa sheria ya mwaka 2001, yanatakiwa kufundisha historia ya wenyeji wa Maine. Lakini hadithi ambayo mtu mzima huipata kwanza kuhusu jimbo hilo ni ya mistari miwili: mwaka 1820 Missouri iliruhusiwa kuingia katika Muungano ikiwa nchi ya utumwa, na Maine ikaingia ikiwa nchi ya watu huru ili mizani isiyumbe. Ukiisikia hivyo, Maine inatoka katika shauri zima mikono ikiwa misafi.

Mimi sikubali. Maine ilizaliwa kwa mapatano mawili, na katika yote mawili waliolipa gharama hawakuwa na kauli mezani. Patano moja liliwafunga watumwa wa Missouri. La pili liliwahusu Wawabanaki, wenyeji wa nchi hiyo, na hilo ndilo lililoandikwa katika kifungu ambacho baadaye hakikutakiwa kuonekana.

Jina Wabanaki maana yake ni watu wa nchi ya mapambazuko, na kweli jua huanza kuigusa Marekani upande huo. Ndani ya jina hilo wamo Wapenobscot, Wapassamaquoddy, Wamaliseet, Wami'kmaq na Waabenaki. Wataalamu wa mambo ya kale wamekuta dalili za watu huko zinazorudi nyuma zaidi ya miaka 11,000, barafu kuu ilipoanza kuachia ardhi. Wenyewe husimulia kwamba Gluskabe, shujaa wa hadithi zao za kale, alipiga mshale kwenye mti, mti ukapasuka, watu wakatoka ndani yake. Mti huo ndio ambao hadi leo hupondwa kwa nyundo mpaka gogo likaachia tepe nyembamba za kusukia vikapu. Mto Damariscotta una malundo ya magamba ya chaza walioliwa kwa karne nyingi. Moja lilipita urefu wa mita 9 kabla ya kuchimbwa katika karne ya 19 na kusagwa liwe chakula cha kuku.

Maisha yao yalifuata majira. Kiangazi walikuwa pwani kwa samaki na chaza, baridi ikiingia walipanda bara kuwinda. Mito ndiyo iliyokuwa njia zao, na mitumbwi yao ya magome ilikuwa myepesi kiasi kwamba mtu aliweza kuutoa mtumbwi majini, akauweka mabegani na kuuvusha msitu hadi mto mwingine. Kila ukoo ulijua bonde lake la kuwindia na mahali pake pa kutega samaki. Lakini mgeni aliyezoea kwamba mwenye shamba ni yule aliyezungusha uzio na kushika hati, alipoona pwani haina watu wakati wa baridi alisema nchi haina mwenyewe. Mengi ya yaliyofuata yalianzia katika kutoelewa huko, na baadaye katika kujifanya kutoelewa.

Giovanni da Verrazzano, Mtaliano aliyetumwa na mfalme wa Ufaransa, alipita pwani hiyo mwaka 1524. Alichokikuta kinanifurahisha kila nikikisoma. Wenyeji hawakumruhusu kushuka. Walisimama juu ya majabali, wakateremsha bidhaa zao kwa kamba hadi kwenye mashua, wakapokea kwa kamba ileile visu, ndoana na vyuma vyenye makali, si shanga. Biashara ilipokwisha wakawageuzia mabaharia makalio. Verrazzano akaandika kwenye ramani kuwa hiyo ni nchi ya watu wabaya. Mimi nawaona watu waliokwisha kukutana na meli nyingine na kujifunza jambo. Haikupita hata miaka miwili, Estêvão Gomes, Mreno aliyekuwa akiitumikia Hispania, akateka wenyeji wa pwani hizo za kaskazini na kuwapeleka Ulaya.

Wafaransa walijaribu kukaa mwaka 1604 kwenye kisiwa kidogo cha Saint Croix, mpakani mwa Maine na Kanada ya leo. Pierre Dugua de Mons aliongoza, Samuel de Champlain akachora ramani. Barafu ilipoufunga mto, kisiwa kikawa gereza lisilo na maji safi wala kuni za kutosha. Kati ya wanaume 79 waliobaki huko, 35 walikufa, wengi kwa kiseyeye. Majira ya kuchipua wenyeji wa jirani waliwaletea nyama mbichi, na waliosalia wakapata nguvu.

Waingereza walianza kwa wizi wa watu. Mwaka 1605 nahodha George Weymouth alikamata wanaume watano wa Kiwabanaki karibu na Pemaquid, akawapeleka Uingereza, ambako baadhi yao walikabidhiwa kwa Ferdinando Gorges, Mwingereza aliyetaka kuanzisha makoloni huko. Gorges aliwasomesha Kiingereza huku yeye akisoma kutoka kwao mito, bandari na majina ya wakubwa wa nchi. Miaka miwili baadaye koloni la George Popham lilipofika mdomoni mwa mto Kennebec, mmoja wa wale watano, Skidwarres, alikuwa mkalimani wao. Alipofika kwao alirudi kwa watu wake. Koloni lilijenga ngome na merikebu iliyoitwa Virginia, likazika kiongozi wake, likavumilia baridi moja tu. Mwaka 1608 wote walirudi kwao.

Baada ya hapo ukaja ugonjwa. Kati ya 1616 na 1619 tauni iliyoletwa na mabaharia ilipita pwani ikaacha vijiji vitupu. Walowezi waliofika baadaye walikuta mashamba yasiyo na wakulima, wengine wakamshukuru Mungu kwa kuwaandalia mahali. Ni mmoja wa walionusurika, Samoset, mkubwa wa Kiabenaki kutoka pwani ya Maine, aliyeingia kijiji cha Plymouth Machi 1621 na kuwakaribisha walowezi kwa Kiingereza. Watoto wa shule Marekani huisikia habari hiyo kama muujiza. Haukuwa muujiza, Kiingereza chake alikipata kwa wavuvi waliokuwa wakikausha samaki kisiwani Monhegan miaka mingi kabla.

Wakati huo karatasi zilikuwa zimekwisha kuanza kazi yake ng'ambo ya bahari. Mwaka 1622 Gorges na mwenzake John Mason walipewa hati ya nchi yote iliyo kati ya mito ya Merrimack na Kennebec. Mwaka 1639 mfalme akamthibitishia Gorges sehemu yake. Gorges hakuwahi kukanyaga Maine hata siku moja. Mjukuu wake aliiuza haki hiyo kwa Massachusetts mwaka 1677 kwa pauni 1,250, na hivyo, kwa sheria ya Kiingereza, Maine ikawa mali ya Massachusetts. Hakuna Mwabanaki aliyeitwa kusikia bei. Na walipokuwa wakiuziana, vita vilikuwa vinawaka katika nchi yenyewe.

Vita hivyo vilianza 1675 na, kwa vipindi vya amani fupi, viliendelea hadi 1763. Vitabu huvitaja kama vita vya Waingereza na Wafaransa, wenyeji wakiwa vibaraka wa Wafaransa. Kwa Wawabanaki vilikuwa vita vya kuzuia makazi ya Waingereza yasienee kuifuata mito yao, na Wafaransa walikuwa washirika wa manufaa tu. Mkataba baada ya mkataba ulitiwa saini, na kila mmoja ulisomwa tofauti na pande mbili. Wenyeji walisikia ahadi ya kuishi pamoja. Waingereza waliandika kukiri utii kwa mfalme.

Hati moja ya wakati huo haifai kupitwa haraka. Tarehe 3 Novemba 1755 Spencer Phips, naibu gavana wa Massachusetts, alitangaza Wapenobscot kuwa maadui kwa sababu walikataa kuingia vitani upande wa Waingereza. Bei zikawekwa. Mwanamume Mpenobscot mwenye zaidi ya miaka 12 akiletwa hai, pauni 50. Ngozi ya kichwa chake, pauni 40. Mwanamke, au mtoto wa kiume chini ya miaka 12, akiletwa hai, pauni 25. Ngozi ya kichwa ya mwanamke au ya mtoto huyo, pauni 20. Tangazo lilichapwa, likabandikwa, likalipwa kutoka hazina ya umma. Mtu akisema kwamba yaliyotokea kwa wenyeji wa Amerika yalikuwa ajali ya magonjwa na mgongano wa tamaduni, mwonyeshe karatasi hii. Mtoto wa miaka kumi alikuwa na bei, na bei ilikuwa imepigwa chapa.

Kinachouma zaidi ni kwamba miaka ishirini baadaye watu haohao waliombwa msaada, nao wakautoa. Vita vya uhuru wa Marekani vilipoanza, George Washington aliwaandikia Wapassamaquoddy kutaka urafiki wao. Julai 1776, majuma mawili baada ya Tangazo la Uhuru, wajumbe wa Wami'kmaq na Wamaliseet walitia saini mkataba huko Watertown. Mwaka uliofuata wapiganaji wa Kiwabanaki walisaidia kuulinda mji wa Machias dhidi ya meli za Kiingereza. Ahadi waliyopewa ni kwamba ardhi yao italindwa.

Ulinzi huo uliandikwa katika sheria ya Bunge la Marekani ya mwaka 1790: hakuna mtu wala jimbo litakalonunua ardhi ya wenyeji bila idhini ya serikali kuu. Massachusetts ilikwenda kununua kana kwamba sheria hiyo haipo. Mwaka 1794 Wapassamaquoddy waliachia karibu nchi yao yote, wakabaki na kipande cha ekari 23,000 na visiwa kadhaa. Mwaka 1796 Wapenobscot waliachia kingo za mto wao juu ya Bangor. Mwaka 1818 wakaachia zaidi, wakabaki na visiwa vya mto na maeneo manne, kila moja maili sita kwa sita. Mikataba yote mitatu haikupelekwa Bungeni kuidhinishwa.

Malipo ya 1818 yameorodheshwa kwa uangalifu wa muuza duka. Kila mwaka, magunia ya mahindi, mapipa 15 ya unga wa ngano, mapipa saba ya nyama ya nguruwe, blanketi 50, baruti, risasi, tumbaku, masanduku sita ya chokoleti, dola 50 za fedha, na yadi 100 za kitambaa kizito cha sufu, chekundu mwaka mmoja, cha buluu mwaka unaofuata, na kuendelea hivyo kwa zamu. Hiyo zamu ya rangi hunirudia mara kwa mara. Aliyeiandika alijua kwamba mkataba utadumu vizazi, maana haupangi rangi za nguo kwa watu unaodhani watatoweka.

Msomaji wa pwani yetu anaijua nguo iliyofanya kazi ya fedha. Muda mfupi baada ya miaka hiyo wafanyabiashara wa Salem, mji wa Massachusetts, walikuwa Unguja wakiuza kitambaa cha pamba ambacho wazee wetu walikiita merikani, wakichukua pembe za ndovu na sandarusi. Mkataba wao na Sayyid Said ulitiwa saini mwaka 1833, na konsuli wao wa kwanza alifika 1837. Pamba ya kitambaa hicho ililimwa na watumwa katika majimbo ya kusini. Kwa hiyo mnyororo uliofungwa Bungeni mwaka 1820, ambao nauendea sasa, ulitufikia hata sisi, ukapimwa kwa mikono na kuvaliwa.

Wakazi wazungu wa Maine walianza kuzungumzia kujitenga na Massachusetts mara tu baada ya uhuru. Walipiga kura mwaka 1792, 1797, 1807 na mara mbili 1816, na kila mara ama walishindwa ama walikosa wingi uliotakiwa. Wakulima wa bara walitaka kujitenga kwa sababu matajiri wa Boston walishikilia hati za ardhi waliyofyeka wenyewe. Katika mivutano hiyo baadhi ya walowezi walijifunika blanketi na vinyago, wakajifanya Wawabanaki, na kuwafukuza wapima ardhi usiku. Wafanyabiashara wa pwani nao walikataa kujitenga, na sababu yao ilikuwa forodha. Kwa sheria ya zamani, meli ya pwani ilitakiwa kusimama kujiandikisha katika kila jimbo lisilopakana na la kwao. Massachusetts ilipakana na majimbo mengi, hivyo nahodha wa Maine alisafiri mbali kusini bila usumbufu. Maine peke yake ingepakana na New Hampshire tu.

Mambo mawili yalibadilisha hesabu. Mwaka 1814 Waingereza waliteka Eastport, Castine na sehemu yote ya mashariki, na gavana wa Massachusetts hakutuma jeshi la kuwatoa. Watu wa Maine walijiuliza wanalipa kodi ya nini. Kisha Machi 1819 Bunge la Marekani likabadilisha sheria ya forodha, mabadiliko yaliyosukumwa na William King, mwenye meli wa mji wa Bath na mfanyabiashara wa pamba, aliyekuwa kinara wa kujitenga. Hofu ya wafanyabiashara ikaisha. Julai 26, 1819, kura 17,091 zilikubali na 7,132 zikakataa. Oktoba wajumbe wakakutana Portland kuandika katiba.

Ruhusa ya Massachusetts ilikuwa na mwisho wake: Maine ipokelewe na Bunge la Marekani kabla ya Machi 4, 1820, la sivyo shauri lote lianze upya. Tarehe hiyo iligeuka kitanzi. Mwaka uliotangulia mbunge wa New York, James Tallmadge, alikuwa ametaka Missouri isiruhusiwe kuingia Muungano bila kuanza kuukomesha utumwa. Muungano ulikuwa na majimbo 22, nusu ya utumwa na nusu bila utumwa. Wanasiasa wa kusini wakaona nafasi: Maine haitapita mpaka Missouri ipite na watumwa wake. Seneti ikazifunga hoja hizo mbili pamoja.

Hapa ndipo hadithi ya mikono misafi inaponishinda, na hapa pia ndipo watu wa Maine wanapostahili kutendewa haki. Wilaya ya Maine ilikuwa na wabunge saba. Watano kati yao walikataa. Walikuwa wanajua kwamba wakikataa jimbo lao linaweza lisizaliwe, na bado wakasema hawatanunua uhuru wao kwa kuwafunga wengine. Rufus King, seneta wa New York, mzaliwa wa Scarborough huko Maine na kaka wa baba mmoja wa William King, alikuwa miongoni mwa sauti kali kabisa dhidi ya utumwa wa Missouri. Nyumba moja ilikuwa na mtu anayetaka jimbo na mtu anayeipinga bei yake. Wabunge wawili wa Maine, John Holmes na Mark Langdon Hill, waliunga mkono mapatano. Kura ya kuondoa masharti dhidi ya utumwa ilipita Machi 2, 1820 kwa 90 dhidi ya 87. Katika tofauti ya kura tatu, watu wawili ni wengi.

Rais Monroe alitia saini siku iliyofuata, siku moja kabla ya muda kwisha. Machi 15, 1820 Maine ikawa jimbo la 23, lenye watu 298,335 kwa hesabu ya mwaka huo, na William King akawa gavana wa kwanza. Missouri ilikuwa na watumwa zaidi ya 10,000. Holmes aliposhutumiwa nyumbani aliandika kujitetea na kumtumia Thomas Jefferson maelezo yake. Jibu la Jefferson la Aprili 22 ndilo lile ambamo alisema jambo hilo limemwamsha kama kengele ya moto usiku. Wamarekani wengi wanaijua kengele hiyo. Wachache wanajua kwamba ilipigwa katika barua iliyokwenda kwa mtu wa Maine.

Katiba iliyoandikwa Portland ilikuwa, kwa wakati wake, ya ukarimu. Haikudai mali ili mtu apige kura. Haikumzuia mwanamume mweusi. Iliwazuia mafukara wanaotunzwa na umma, watu walio chini ya uangalizi, na wenyeji wasiotozwa kodi. Ndiyo kusema mtu ambaye babu zake walikuwa hapo kabla ya Verrazzano aliwekwa nje pamoja na mafukara. Wapenobscot na Wapassamaquoddy walianza kupeleka wajumbe katika Bunge la jimbo katika karne hiyo ya 19, lakini wajumbe wasio na kura. Haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa kitaifa waliipata mwaka 1954, na katika uchaguzi wa jimbo mwaka 1967.

Na humo ndimo kilimowekwa kifungu cha tano. Sehemu kubwa yake inahusu kugawana mali na Massachusetts, hasa ardhi ya umma, ambayo Massachusetts ilibaki na nusu yake mpaka mwaka 1853. Katikati ya hesabu hizo kuna ahadi: Maine itachukua wajibu wote ambao Massachusetts ilikuwa nao kwa wenyeji, uwe wa mkataba au wa namna nyingine, na kwa kuubeba mzigo huo Massachusetts itaipa Maine ardhi yenye thamani ya dola 30,000. Maine ililipwa ili iwajibike. Agosti 1820, huko Bangor, Wapenobscot walithibitishiwa na jimbo jipya kwamba mkataba wa 1818 utatimizwa. Miaka 13 baadaye Maine iliwanunulia yale maeneo manne yaliyobaki kwa dola 50,000, tena bila idhini ya Bunge la Marekani.

Wapo wanaosema kufichwa kwa kifungu hicho mwaka 1875 kulikuwa kusafisha maandishi tu. Sehemu ya hoja yao ni kweli. Kifungu cha kwanza na cha pili vilihusu kikao cha kwanza cha Bunge na maofisa wa mwanzo, mambo ya mpito yaliyokuwa yamekwisha. Lakini wajibu wa mikataba haukuwa wa mpito. Katika maneno ya mkataba, rangi za nguo zilikuwa bado zinapokezana. Kukiweka kifungu cha tano katika kapu moja na ratiba ya mwaka 1820 kulikuwa kutoa hukumu, hata kama aliyekiweka hakutamka neno. Na watu ambao hukumu hiyo iliwahusu hawakuwa na kura ya kuipinga.

Ahadi haikufa kwa sababu karatasi nyingine zilihifadhiwa na watu waliozihitaji. Mwaka 1957 bibi mmoja mzee wa Kipassamaquoddy alimkabidhi kiongozi wao, John Stevens, kasha la karatasi kuukuu. Ndani yake kulikuwa na mkataba wa 1794. Kutoka hapo shauri lilipanda polepole hadi mahakamani, na mwaka 1975 mahakama za shirikisho zilikubali kwamba sheria ile ya 1790 iliwalinda Wapassamaquoddy pia. Ghafla hati za ardhi katika eneo la ekari milioni 12 na zaidi, karibu theluthi mbili ya Maine, zikawa mashakani. Mwaka 1980 yakafikiwa maafikiano ya dola milioni 81.5, nyingi zikiwa za kununulia ardhi. Lakini sheria hiyohiyo ikawaweka Wapenobscot na Wapassamaquoddy chini ya sheria za jimbo karibu kama halmashauri za miji, jambo ambalo makabila mengi ya Marekani hayakubebeshwa.

Ugomvi wa leo uko hapo. Mwaka 2023 Bunge la Maine lilipitisha muswada wa kuwafungulia Wawabanaki manufaa ya sheria za shirikisho. Gavana Janet Mills akaukataa, na Bunge likakosa kura za kumshinda. Novemba mwaka huohuo wananchi walipiga kura ya maoni kuhusu kuchapa tena katiba yote, pamoja na vifungu vilivyofichwa, na takriban asilimia 73 wakakubali. Wapiga kura hao walikuwa na imani kubwa kuliko viongozi wao, na sioni kwa nini raia wapya waliotoka Bukavu au Bujumbura wasiwe miongoni mwa watakaowaambia viongozi hivyo. Sisi pia tumetoka katika nchi ambazo mipaka yake ilichorwa na watu wasiokuwapo.

Katika ziwa la Big Lake, mashariki mwa Maine, kuna kisiwa cha misonobari ambacho Wapassamaquoddy hukiita Kuwesuwi Monihq. Makaburi ya wazee wao yapo huko. Mkataba wa 1794 uliwaachia. Maine ilipopata kuwa jimbo kilichukuliwa, kikapewa jina jingine, kikapita mikononi mwa wamiliki mmoja baada ya mwingine. Mwishowe kilitangazwa kuuzwa. Wapassamaquoddy walichangisha, wakasaidiwa na shirika la uhifadhi wa mazingira, wakakinunua mwaka 2021 kwa dola 355,000.